Kumwonjesha rafiki roki ya zamani na Beethoven, hapa Kigoma

Usimrushie rafiki nyimbo hamsini kwa mpigo, hatazisikiliza. Mpe mmoja, mkiwa pamoja. Mimi hapa Mwanga huanza na bendi ya roki ya Queen, "Bohemian Rhapsody" ya 1975, maana mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na habari hiyo humfanya mtu atege sikio. Wimbo una karibu dakika 6: mwache aumalize, usimweleze kitu katikati. Pale sauti zinapopandana kama kwaya (hadi leo mwili hunisisimka), ndipo njia ya kwenda kwa Beethoven, mtunzi Mjerumani wa muziki wa klasiki, inapofunguka. Simfoni yake ya Tano (utungo mrefu wa okestra), iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, mpe sehemu ya kwanza tu, tena kwa spika kubwa. Ya simu humeza besi. Mwekee kwenye memori kadi, bando lisimwishie. Kisha naye akuchagulie wake.