Kutunga sheria ndogo ya kijiji: mfano wa moto kwenye mikorosho

Kijiji kilichosajiliwa kina uwezo wa kutunga sheria zake ndogo. Uwezo huo umo katika kifungu cha 163 cha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Mtaa ulio ndani ya Manispaa ya Mtwara au ya Lindi hauna uwezo huo. Huko sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya manispaa yenyewe kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288.

Tuchukue tatizo linalojulikana Tandahimba, Newala na Nachingwea: mtu anasafisha shamba kwa moto kuelekea msimu wa mvua, upepo unageuka, majani makavu chini ya mikorosho ya jirani yanashika, na maua yanaungua pamoja na matumaini ya msimu.

Kabla ya kuandika chochote, Mtendaji wa Kijiji aende halmashauri ya wilaya aulizie sheria ndogo za wilaya kuhusu moto, mazingira na kilimo. Sheria ya kijiji haiwezi kupingana na ya wilaya, sheria ya nchi wala Katiba. Mara nyingi wilaya imeshakataza jambo lenyewe, na kijiji kinabakiwa na kazi ya kuongeza yale ya hapohapo: nani atoe kibali, saa ngapi, mpaka upi.

Rasimu iandaliwe na Halmashauri ya Kijiji, ile yenye wajumbe 15 hadi 25. Waiteni afisa ugani na wenyeviti wa vitongoji, kwa sababu ndio wanaojua moto huanzia wapi. Vifungu vya lazima ni jina la sheria na tarehe ya kuanza, eneo inapotumika, tafsiri ya maneno, wajibu na makatazo, utaratibu wa kibali, na adhabu. Kazi kubwa iko kwenye makatazo. “Ni marufuku kuchoma moto ovyo” haimbani mtu, kwani kila mchomaji atadai hakuchoma ovyo. Linganisha na hili: “Mtu yeyote hataruhusiwa kuchoma shamba bila kibali cha maandishi cha Mtendaji wa Kijiji, bila kuwajulisha majirani wanaopakana naye siku mbili kabla, na bila kufyeka na kuparura ukanda wa mita 5 kuzunguka eneo analochoma.” Mita zinapimika kwa kamba, kibali kinaonekana, na majirani wanaweza kutoa ushahidi.

Andikeni kosa, msiandike kundi la watu. Kifungu kinachosema “wafugaji” au “wageni” kitarudishwa, na kinastahili kurudishwa; kinachosema “mtu yeyote” kinamgusa pia mwenyekiti.

Kwenye adhabu, tenganisheni faini na fidia. Faini ni ya kijiji na huingia kwenye akaunti ya kijiji kwa risiti halali. Fidia ni ya mwenye mikorosho, nayo hutegemea tathmini ya hasara: mkorosho unaozaa si sawa na mche wa mwaka jana. Kiwango cha juu cha faini mthibitishiwe na mwanasheria wa halmashauri. Viboko, kumfukuza mtu kijijini au kuzuia korosho zake ghalani hadi alipe havina nafasi humo.

Kisha rasimu ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Bandikeni nakala kwenye mbao za matangazo za kila kitongoji na pigeni mbiu mapema. Msiuite wakati wa kupuliza salfa wala wa kuokota korosho, na Ijumaa mchana iachwe kabisa. Sheria iliyopitishwa na watu thelathini wakati wengine wako shambani itapingwa na wale mia tatu.

Isomeni kifungu kwa kifungu, kwa sauti, na muhtasari uandike hoja zilizotolewa, mabadiliko na idadi ya waliokubali na waliokataa. Hapa ndipo vijiji vingi huanguka: mkutano ulifanyika kweli, lakini orodha ya mahudhurio haina saini, au tarehe ya muhtasari hailingani na ya orodha. Afisa wa wilaya hakuwapo mkutanoni. Anaziamini karatasi tu.

Rasimu, muhtasari na mahudhurio, vyote vikiwa na saini ya mwenyekiti na Mtendaji pamoja na mhuri, hupitia kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa ushauri, kisha huenda halmashauri ya wilaya. Mwanasheria ataisoma kabla ya kikao cha madiwani. Kwa kuwa baraza hukutana kila robo mwaka, faili likikosa kikao kimoja mmepoteza miezi mitatu. Kwa mfano huu, anzeni Februari, ili idhini ipatikane kabla ya moto wa Agosti.

Mpaka baraza liidhinishe, sheria haipo, na faini yoyote iliyotozwa kabla ya hapo italazimika kurudishwa. Ikishaidhinishwa, bandikeni nakala yenye saini na mhuri, na msomeeni kila anayeomba kibali. Anayekataa kosa apelekwe Mahakama ya Mwanzo. Mtendaji hawezi kuwa mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja.