SOMO: Kutenganisha nyota maradufu kwa darubini ndogo ukiwa Uganda (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimeilenga nyota mliyoitaja, mbona naona moja tu?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Somo linamfaa mwenye darubini ya lenzi ya milimita 60 au 70, au ya kioo cha 114 au 130. Aliye Kampala asijione mnyonge. Galaksi zinataka giza la mbuga ya Kidepo, lakini nyota maradufu, yaani mbili zilizo karibu hadi jicho tupu huziona kama moja, haziogopi taa za mji wala mwezi mpevu. Uani kwako Ntinda panatosha.

1. Chagua usiku uliotulia. Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, mawingu husumbua kidogo. Nyota zikimetameta kupita kiasi, tazama zile zilizoachana sana tu.

2. Toa darubini nje mapema. Hapa ndipo usiku wa watu wengi unapoharibika, na wao hulaumu lenzi. Darubini iliyotoka chumbani ina joto, na hewa moto inacheza ndani ya bomba lake hadi nyota inakuwa kama ua linalotetemeka. Ya lenzi ndogo iache nje nusu saa; ya kioo cha 130 iache saa nzima. Kisha angalia umesimama wapi. Saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa inatema joto hadi usiku wa manane, kwa hiyo simama kwenye nyasi au udongo. USITAZAME juu ya paa la mabati la jirani. USITAZAME juu ya jiko wala sigiri ya mtu anayechoma mahindi. USITAZAME kupitia dirishani, hata kama mbu ni wengi. Nyota mbili zinazoachana kwa sekunde 4 za tao (sekunde ya tao ni nyuzi moja ukiigawa mara 3,600) zinatenganishwa na nafasi ndogo mno, na mvuke mmoja wa joto unazimeza zote mbili. Ukipuuza hatua hii, zilizobaki hazina maana.

3. Anza na lenzi ya kutazamia (ile unayowekea jicho) ya milimita 20 au 25, weka nyota katikati.

4. Rekebisha fokasi mpaka nyota iwe nukta. Ukiitoa kidogo kwenye fokasi utaona duru. Kama kivuli cha katikati ya duru kimeenda upande mmoja kwenye darubini ya kioo, vioo havijapangwa sawa, vipange kwanza.

5. Ongeza ukuzaji polepole. Gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa milimita za lenzi ya kutazamia: 700 kwa 10 ni mara 70. Usipite mara mbili ya kipenyo cha lenzi kuu au kioo kwa milimita, yaani mara 140 kwa darubini ya milimita 70.

6. Kaa, tazama. Hewa hutulia kwa sekunde moja moja, na katika sekunde hiyo nyota ya pili hujitokeza.

Kujua kama chombo chako kinaweza, gawa 116 kwa kipenyo chake cha milimita. Darubini ya 70 inafikia karibu sekunde 1.7 za tao, ya 114 inafikia sekunde 1. Kanuni hiyo ni ya mwanaastronomia Dawes, na ni ya nyota zinazolingana mwanga, hewa ikiwa njema.

Za kuanzia (sekunde ni za tao, nafasi kati ya nyota na mwenzake): Mizar, upande wa kaskazini kuanzia Aprili hadi Juni, sekunde 14, na nyota Alcor ipo pembeni hata kwa macho matupu. Albireo, kuanzia Julai hadi Oktoba, sekunde kama 35, moja ya dhahabu na moja ya buluu; mwonyeshe mtu asiyejali anga, atajali. Acrux kwenye Salibu, kundi la nyota la kusini lenye umbo la msalaba, sekunde 4, na nyota ya tatu iko mbali zaidi pembeni. Kisha Rijili Kantori (Alpha Centauri), na kwa hiyo sisi tumebarikiwa. Mtu wa London haioni kabisa maishani mwake akiwa kwao. Hapa inapanda karibu nyuzi 29 upande wa kusini, na mwishoni mwa Juni inafika juu kabisa mnamo saa tatu usiku. Januari na Februari ni zamu ya kundi la Jabari (Orion): katikati ya wingu lililo chini ya mkanda wake kuna nyota nne zilizosongamana, na darubini ya milimita 60 inazionyesha.

MASWALI

Lira: Mkubwa, boksi la darubini yangu limeandikwa mara 525 lakini naona ukungu tu. Ni mbovu?

Jibu: Hatua ya 5. Weka kando ile lenzi ya kuzidishia mara 3, tumia ya milimita 10.

Mbarara: Shikamoo mwalimu. Nina mguu wa ikweta, ule wenye mhimili wa kulenga ncha ya anga. Maelekezo yanasema nitafute Kutubu, nyota ya kaskazini (Polaris), lakini siioni.

Jibu: Marahaba. Hutaiona, uko kusini kidogo ya ikweta na Kutubu imelala kwenye upeo. Mhimili wa mguu huo unatakiwa ulale sambamba na ardhi, ukielekea kaskazini halisi. Tumia dira, inatosha kwa kazi hii. Angalia jambo moja: miguu mingi ya namna hiyo haikutengenezwa kwa watu wa ikweta, na chuma cha uzito hugonga mguu wa stendi. Kikigonga, usilazimishe. Mguu wa kawaida wa juu-chini na kushoto-kulia utakuhudumia vizuri zaidi.

Kampala: Nimejaribu Rigel, ile nyota angavu ya Jabari, mara nyingi, hamna kitu. Orodha zenu zinadanganya.

Jibu: Rigel siyo kwenye orodha yangu, na si ya kuanzia. Mwenzake yuko sekunde 9 na nusu, nafasi kubwa, ila ni hafifu mara mamia kadhaa, anazama kwenye mwanga wake. Jaribu jua likishazama tu, anga haijawa nyeusi, ukiwa na mara 100 au zaidi. Na hujasema kama darubini ilipoa.

Fort Portal: Nafundisha sayansi. Wanafunzi wameuliza: tunajuaje kwamba zinazungukana, si kwamba zimepangana tu machoni petu?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Nyingine kweli zimepangana tu. Mwanaastronomia William Herschel ndiye aliyeonyesha mwaka 1803, kwa vipimo vya miaka mingi, kwamba baadhi zinazungukana, nyota Castor ikiwemo. Wanafunzi wako wanaweza kujionea. Rijili Kantori inamaliza mzunguko kwa karibu miaka 80. Mwaka 2016 nyota zake zilionekana zimekaribiana hadi sekunde 4. Zitafika zaidi ya 10 mnamo 2029. Wachore kila Julai kwa lenzi ile ile, watunze daftari. Ili kujua pande, acha nyota itembee yenyewe: upande inakoondokea kwenye duara (eneo lote unaloliona ndani ya darubini) ni magharibi.

Fort Portal: Na ukubwa wa duara tunaupimaje?

Jibu: Tumia Mintaka kwenye mkanda wa Jabari, iko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Inatembea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Ikivuka katikati ya duara kwa sekunde 120, duara lako ni nusu nyuzi. Nayo Mintaka ina mwenzake hafifu, sekunde 52 upande wa kaskazini.

Entebbe: Huku ziwani umande unafunika lenzi kabla ya saa nne.

Jibu: Kunja kipande cha godoro jembamba la sponji, kivishe mbele ya bomba kizidi lenzi kwa shibiri moja. Usifute lenzi kwa shati.

Entebbe: Na mbu? Nimeweka dawa ya kuchoma chini ya stendi.

Jibu: Itoe hapo, moshi na joto vinapanda mbele ya lenzi. Iweke nyuma yako upepo unakoelekea, na uvae soksi.