Kabla ya Kwenda Mafia, Uliza Kwanza Habari za Maji

Wengi wakipanga safari ya kisiwa cha Mafia, Tanzania, huanza na tarehe za likizo, halafu bei ya chumba. Anza na unachotaka kukiona. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kati ya Oktoba na Machi. Watoto wa kasa kisiwani Juani huanguliwa zaidi Juni hadi Septemba. Ukivitaka vyote, panga kwenda mara mbili. Aprili na Mei ni masika, achana nayo.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, angalia na ule wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: boti iliyokuwa ikielea kijijini Utende alfajiri, saa nne asubuhi utaikuta imelala ubavu mchangani, nahodha yuko kivulini anakunywa kahawa. Kwa hiyo safari ya kisiwa cha Chole au ya magofu ya Kua, mji wa kale kisiwani Juani, hupangwa na maji, si saa yako. Mpigie mwenyeji wako mapema akutajie siku zinazofaa.

Ndege ndogo kutoka Dar huchukua kama nusu saa, lakini mzigo mara nyingi ni kilo 15, tena begi laini. Njia ya nafuu ni basi hadi bandari ya Nyamisati, kisha chombo cha majini. Kusi likivuma bahari huchafuka. Vaa jaketi la kujiokolea hata abiria wenzako wakikucheka, na simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji (si rambo, ilipigwa marufuku 2019). Usikate tiketi ya kuunganisha safari siku ileile ya kurudi.

Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995. Kuna kiingilio, kwa hiyo tunza risiti. Beba pesa taslimu, dawa zako, chandarua kama nyumba ya wageni ni ya bei ya chini, na kanga au shuka la kujisitiri ukipita vijijini; nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Kuhusu potwe, usilipe kabla hujamuuliza nahodha atazimia injini wapi. Anayejigamba kukufikisha mpaka umshike samaki mgongoni, mwache, tafuta mwingine.