Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kusoma picha za patholojia ya figo

Mwanafunzi wa tiba anayejiandaa na mtihani hapa Mtwara, kabla hajafungua picha hata moja ya figo yenye ugonjwa, anapaswa kuwa ameitazama figo yenye afya hadi aweze kuichora kwa mkono wake bila kuchungulia popote. Ajue kwamba tishu ya figo husomwa katika sehemu nne, yaani glomeruli (vifundo vya mishipa midogo vinavyochuja damu), mirija, tishu iliyo kati ya mirija, na mishipa ya damu, na kwamba zote nne hupitiwa hata pale glomeruli moja iliyoharibika inapovuta jicho. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa: hutaja kovu la glomeruli, wakaziacha kuta za vijiateri (mishipa midogo ya ateri) zilizonenepa kwa rangi ya waridi, ambazo ndizo zilizokuwa zikieleza shinikizo la damu la miaka mingi.

Jambo linalostahili muda mrefu kuliko mengine ni kutambua picha imepatikana kwa njia gani, kwa sababu kila njia huonyesha kitu chake na kuficha kingine. Rangi ya hematoksilini na eosini huonyesha wingi wa seli. Rangi ya PAS na rangi ya fedha huonyesha utando wa msingi, yaani ukuta mwembamba wa kuchujia ndani ya glomeruli, na ni kwenye rangi ya fedha ndipo miiba midogo ya nefropathi ya membrani (ugonjwa unaonenepesha utando huo) huonekana ikichomoza upande wa nje wa utando. Rangi ya trikromu huonyesha kovu. Picha nyeusi yenye mng'ao wa kijani kwa kawaida ni imunofluoresensi, yaani njia ya kuzing'arisha kingamwili kama IgG zilizonasa kwenye tishu, na hapo swali la kwanza ni mpangilio wa mng'ao wenyewe. IgG iliyojipanga kama mstari laini huelekeza kwenye kingamwili zinazoshambulia utando wa msingi, ilhali IgG ya chembechembe huelekeza kwenye nefropathi ya membrani au maradhi mengine ya mkusanyiko wa kingamwili. Picha ya darubini ya elektroni haina rangi, na bila hiyo ugonjwa wa mabadiliko madogo hauthibitiki, kwa kuwa glomeruli zake huonekana salama kwenye darubini ya mwanga huku nyayo za podosaiti (seli zinazofunika utando wa msingi kwa nje) zikiwa zimebapa.

Maelezo ya mgonjwa yasomwe kabla ya picha. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi wiki kadhaa zilizopita, sasa amevimba uso na anakojoa mkojo wa rangi ya chai, anakuandaa kutafuta glomeruli iliyojaa seli, pamoja na vilima vya kingamwili zilizorundikana chini ya podosaiti. Mtu mzima anayepoteza protini zaidi ya gramu 3.5 kwa saa 24, tena amevimba mwili mzima, anakupeleka kwingine kabisa, na akiwa na kisukari cha muda mrefu utatafuta vinundu vya mviringo ndani ya mesangiamu, yaani tishu inayoshikilia mishipa midogo ya glomeruli.

Picha za figo nzima iliyokatwa zisipuuzwe, hasa kwa anayesoma Lindi au Mtwara, ambako kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa kwetu: makovu yakiziba ureta (mrija unaotoa mkojo kwenye figo), mkojo hurudi nyuma, pelvisi ya figo, pale mkojo unapokusanyika, hutanuka, na gamba la figo hubaki jembamba.

Pakua picha mapema, maana umeme na intaneti havingoji ratiba yako, na uzitazame kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu, kwa kuwa unene wa utando haupimiki kwa picha iliyobanwa. Kisha funika maelezo yaliyo chini ya kila picha kwa karatasi, uandike kwa sentensi mbili au tatu rangi iliyotumika, sehemu iliyoathirika na umbo la kasoro, bila kutaja ugonjwa wowote. Jina la ugonjwa uliandike mstari wa mwisho, ndipo uondoe karatasi.