Somo: Fiziotherapia kwa simu ya video kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hatua kwa hatua

Wazazi wengi wanaoanza fiziotherapia kwa simu hutegemea kuona yaleyale ya kliniki: mtaalamu anamshika mtoto, anamnyoosha, anamgeuza, na mzazi amekaa pembeni akishikilia mkoba. Kwa simu hayo hayapo. Mikono itakayofanya kazi ni yako, na mtaalamu yupo ili akufundishe wewe. Ukilikubali hilo mapema hutajiona umepunjwa. Mtaalamu humwona mtoto kwa nusu saa, tena kwa nadra. Wewe ndiye unayemwogesha, unayemvalisha na kumlisha kila siku, na humo ndimo mazoezi yalimo.

Somo hili linahusu watoto waliokwisha kuthibitishwa. Mwenye mtoto mchanga ambaye bado anashukiwa tu, asome swali la pili huko chini.

HATUA YA 1: AONWE ANA KWA ANA KWANZA

Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini misuli na mifupa hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Ukakamavu wa misuli hupimwa kwa mkono: mtaalamu anaukunja mguu polepole, kisha kwa kasi, na kusikilizia ni wapi unakataa. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuhamia kwenye simu, mtoto ashikwe na kupimwa na mtu aliye mbele yake, na usiondoke pale bila majibu ya mambo mawili.

La kwanza, kiwango chake cha GMFCS. Ni mfumo ulioandaliwa Kanada na Robert Palisano na wenzake na kuchapishwa mwaka 1997, wenye viwango 5 vya uwezo wa kujongea. Wa kiwango cha 1 hutembea na kupanda ngazi mwenyewe, ila kasi na mizani yake si ya wenzake. Wa 3 hutembea kwa kushikilia kifaa. Wa 5 hupata taabu hata kukiweka kichwa wima, na husukumwa kwenye kiti popote aendapo. Ukimtajia mtaalamu mgeni namba hiyo, umemwokolea robo saa ya maswali.

La pili, nyonga. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo huwa na nyonga inayohama taratibu kutoka kwenye tundu lake. Kwa kiwango cha 1 ni nadra sana. Kwa kiwango cha 5 ni walio wengi. Huanza bila maumivu na bila dalili ya kuonekana kwa macho, na eksirei ndiyo inayoifichua. Uliza picha ya mwisho ilipigwa lini na inayofuata ni lini. Vipindi vya simu viwe vizuri namna gani, haviondoi haja ya picha hiyo.

HATUA YA 2: CHAGUA LENGO MOJA, DOGO

“Nataka atembee” ni dua njema, lakini mtaalamu hawezi kuifanyia kazi Jumanne asubuhi. Chagua jambo la nyumbani linalokuchosha wewe au linalomkwaza mtoto: ainue makalio ninapombadilisha nepi, akae kwenye poti bila kushikwa mpaka wimbo mmoja uishe, ashike kikombe kwa mikono miwili. Kama mtoto anaweza kusema au kuonyesha anachotaka, lengo lake litangulie lako. Akitaka kupiga mpira, basi ni mpira.

Sababu ni hii. Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia tafiti nyingi za tiba za watoto hawa, wakachapisha mwaka 2013 na tena 2020. Zinazosaidia zaidi ni zile ambazo mtoto anatenda mwenyewe, kwa lengo alilolichagua, katika mazingira yake halisi, akirudia mara nyingi. Programu za nyumbani zinazoongozwa na mtaalamu zimo. Kunyooshwa miguu kwa mikono ya mtu mwingine, kama ndilo zoezi pekee, hakuna matokeo ya kujivunia. Bado kuna familia zinazorudi nyumbani na karatasi ya kunyoosha tu, asubuhi na jioni, mtoto analia na mama analia. Mimi nikiiona karatasi ya namna hiyo huuliza: mtoto mwenyewe anafanya nini hapa?

HATUA YA 3: SIMU NA CHUMBA

Laza simu kwa upana, uiegemeze kwenye vitabu, iwe usawa wa kiuno cha mtoto. Ikiwa juu sana mtaalamu ataona utosi tu. Mwanga wa dirisha utoke nyuma ya simu, usitoke nyuma ya mtoto, la sivyo atakuwa kivuli. Kaa mbali kiasi cha mwili mzima kuonekana, kichwa mpaka vidole vya miguu. Kwa kukaa na kutembea, upande wa mbavuni huonyesha mengi kuliko mbele: mgongo uliopinda, goti lisilonyooka, kisigino kisichogusa chini. Kaptura, na miguu peku.

Weka sauti juu, maana mikono yako haitakuwa huru. Akiwapo mtu wa pili wa kusogeza simu, heri. Mkeka, mito miwili, kigoda imara na kitu anachokipenda mtoto vinatosha.

Na faragha: uliza kama kipindi kinarekodiwa, nani ataiona video, na itafutwa lini. Huyo ni mtoto aliyevaa nguo chache. Usione haya kuuliza.

HATUA YA 4: MTOTO MWENYEWE

Aliyelala vya kutosha, aliyekula lakini si muda huohuo, aliyekwisha meza dawa zake za kifafa kama anazo. Akichoka, kipindi kimekwisha.

HATUA YA 5: WAKATI WA KIPINDI

Hapa ndipo penye kazi. Anza kwa kumwonyesha mtaalamu unavyofanya siku zote, bila kujipamba. Kama humwinua kwa kumvuta mikono, mwache aone hivyo. Kisha mwombe aonyeshe kwa mwanasesere, wewe uige kwa mtoto, naye akurekebishe. Usikubali maelezo matupu. “Mshike vizuri kiunoni” kwa simu linaweza kumaanisha mahali patano tofauti, kwa hiyo uliza: kidole gumba kikae wapi, nisukume au nizuie tu, ni kwa nguvu kiasi gani?

Mambo matatu yatakurahisishia. Kwanza, mtoto anayejikaza na kunyooka mwili mzima usimvute vifundo vya miguu ili kuitenganisha, utazidisha ukakamavu. Kunja nyonga na magoti kwanza, taratibu, misuli ilegee, ndipo uitenganishe miguu kwa kushika karibu na mapaja.

Pili, mahali unaposhika ndipo panapoamua ugumu wa zoezi. Ukimshika kifuani, kukaa ni rahisi. Ukishuka kiunoni, mgongo wake unafanya kazi zaidi. Ukishuka mapajani, zaidi tena. Akianza kuweza, shusha mikono. Wazazi wengi hawaishushi, kwa huruma, na mtoto anakwama palepale.

Tatu, subiri. Mwambie “shika”, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ujumbe wake huchelewa kufika mkononi, na watu wazima wanne wanaosema “shika, shika, haya shika” kwa pamoja wanaukatiza njiani.

Kabla ya kukata simu, rudia mwenyewe kwa maneno yako utakachofanya, wakati gani, na ishara gani itakufanya usimame.

HATUA YA 6: KATIKATI YA VIPINDI

Usitenge “saa ya mazoezi” kama nyumba haina nafasi hiyo. Kuinua makalio kuko kwenye nepi. Kugeuka ubavu kuko kwenye kuvalishwa. Kusimama kuko kando ya kitanda akivutwa suruali. Kila baada ya wiki chache rekodi tendo lilelile, pembe ileile, nguo zinazofanana. Maendeleo ya watoto hawa ni ya polepole mno kuonekana kwa mtu anayeishi nao, na video mbili zikiwekwa pamoja huonyesha mabadiliko ambayo macho ya kila siku yameyakosa.

HATUA YA 7: WAKATI WA KUIACHA SIMU NA KWENDA HOSPITALI

Degedege mpya, au iliyobadilika. Kupoteza ghafla jambo alilokuwa akiliweza. Kulia kila paja likiguswa au nepi ikibadilishwa. Paja au goti lililovimba, hata bila kuanguka, hasa kwa mtoto asiyesimama, kwa kuwa mifupa yake huwa dhaifu na huweza kuvunjika kwa jambo dogo. Kupaliwa mara kwa mara, na homa au kifua juu yake. Na mwenye mrija wa kutoa maji kichwani akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida au kuumwa kichwa, usingoje kipindi chochote.

MASWALI YA WAZAZI NA WALEZI

Swali: Mtandao wetu unakatika kila dakika mbili, na bando linaisha kabla hatujafika popote. Tuache tu?

Jibu: Msiache, badilisheni mtindo. Rekodi video fupi tatu, kila moja isizidi dakika moja: anavyokaa, anavyojaribu lengo lenu, na unavyomshika. Zitume mtandao ukiwa mzuri. Mtaalamu azitazame kwa utulivu, kisha mpigiane simu ya kawaida ya sauti. Kwa jicho langu, video iliyorekodiwa vizuri ina faida kuliko kipindi cha moja kwa moja kinachogandaganda, kwa sababu inaweza kusimamishwa na kurudiwa.

Swali: Mwanangu alizaliwa wiki 8 kabla ya siku zake. Sasa ana miezi minne na daktari ana wasiwasi. Je, naye anaweza kuangaliwa kwa video?

Jibu: Ndiyo, tena umri wake unakaribia kufaa. Kuna uchunguzi ulioanzishwa na Heinz Prechtl unaotazama mjongeo wa mtoto kwa video tu, bila kumgusa. Kinachotafutwa ni mjongeo mdogomdogo wa mwili mzima unaoonekana vizuri zaidi kati ya wiki 12 na 16 tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Zingatia: hesabu inaanza siku aliyotarajiwa, si aliyozaliwa, kwa hiyo wako ana kama wiki 9 tu. Wakati ukifika mlaze chali, macho wazi, ametulia, hana nyonyo mdomoni, mikono na miguu wazi, bila midoli wala kuongeleshwa. Rekodi dakika 3 hadi 5 kutoka juu. Aisome mtu aliyefunzwa uchunguzi huo. Na usiichukue kama hukumu. Husomwa pamoja na vipimo vingine.

Swali: Mimi ni bibi yake. Mjukuu wangu ana miaka 9, kiwango cha 5, hakai wala haongei. Mwanangu, bado kuna la kufanya au nimwache apumzike?

Jibu: Shikamoo bibi. Lipo, na kupumzika vizuri kumo ndani yake. Kwake yeye malengo yawe starehe, kupumua, kulishwa salama na kushiriki na wenzake. Omba kipindi kizima kihusu mkao tu: mtaalamu aone anavyolala usiku, kiti chake, na anavyolishwa. Kichwa kisiangukie nyuma wakati wa kula. Abadilishwe mkao mchana, asikae namna moja kwa saa nyingi. Na mgongo wako pia ni mali ya nyumba hiyo, kwa hiyo mwambie akufundishe kumhamisha kwa watu wawili. Picha ya nyonga kama haijapigwa siku nyingi, ianze hiyo.

Swali: Kifaa cha plastiki cha mguuni kinamwachia alama nyekundu. Nitume picha au niende?

Jibu: Kivue, angalia saa. Wekundu ukififia ndani ya nusu saa hivi, tuma picha na uendelee kutazama. Usipofifia, au ngozi ikichubuka au kutoa lengelenge, asikivae tena mpaka fundi wa vifaa hivyo akirekebishe kwa mikono yake. Mara nyingi mguu umekua tu, au kisigino hakijakaa chini kabla ya kufunga mkanda. Soksi isiyo na mikunjo nayo husaidia.

Swali: Kuna mtu mtandaoni anauza vipindi 20 na anaahidi mtoto atapona kabisa. Anataka alipwe vyote kwanza.

Jibu: Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa, na mtaalamu wa kweli hatakuahidi hivyo. Muulize namba yake ya usajili kwenye baraza la taaluma yake, kisha ihakiki wewe mwenyewe kwa baraza hilo. Muulize pia atapimaje maendeleo, na mkipaona pagumu atakuelekeza kwa nani wa karibu nawe. Akikasirika kwa maswali hayo, fedha yako ibaki mfukoni.