Kupanda na kushuka Kitonga bila kumaliza mafuta wala chaji

Kama unaenda Iringa kutokea Morogoro lazima upande Kitonga, na mlima unakula nishati kweli. Gari la umeme la kilo 1,500 ukilipandisha mita 500 juu linataka kama uniti 2 za umeme za ziada, la petroli linachoma kama robo tatu ya lita mpaka lita nzima kwa sababu injini inapoteza sehemu kubwa kama joto.

Kupanda: usikanyage mafuta mpaka mwisho, shusha gia mapema, kaa nyuma ya lori kwa umbali na subiri, usilazimishe kuovateki kwenye kona tafadhali!!

Kushuka ndo kwenye maneno. Gari la kawaida mafuta uliyochoma hayarudi, ila ukiachia pedali likiwa kwenye gia, injini za injeksheni zinakata mafuta kabisa, so wanaopiga frii eti wanabana mafuta wanakosea, kwenye frii injini bado inakunywa ili isizime na breki zinabeba mzigo wote mpaka zinaungua.

Haibridi (gari la petroli lenye pia mota ya umeme na betri) kama Prius au Aqua inajichaji ikishuka, lakini betri yake ndogo inajaa haraka, ikijaa weka gia kwenye B injini isaidie kushika gari.

La umeme ndo linafaidi zaidi, linarudisha sehemu kubwa ya ulichotumia kupanda. Ila usichaji mpaka 100% ukiwa juu mlimani halafu ushuke papo hapo, umeme utakosa pa kuingia, acha nafasi kidogo.