Kulima bonde la mboji bila kulimaliza

Mabonde ya mafunjo yaliyokaushwa Kigezi nchini Uganda, na mengine ya Rwanda na Burundi, yana mboji: mizizi na majani yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa. Zaidi ya asilimia 85 ya ujazo wake huwa ni matundu. Maji yakiondolewa na jembe likiingiza hewa, vijidudu huila na shamba lote hushuka. Samadi haiwezi kuirudisha.

Anza na maji. Chimba shimo la kupimia katikati ya shamba (usipime kandoni mwa mfereji, hapo utadanganyika), kisha ziba mfereji kwa magunia ya udongo hadi maji yasimame sentimita 40 hivi chini ya uso. Hicho kinatosha mboga nyingi.

Siku ya kulima, fukua sentimita 10, chukua konzi moja uikamue. Maji yakichuruzika vidoleni, subiri: ukikanyaga sasa, na zaidi ukipitisha trekta, matundu makubwa yanabanwa na maji ya mvua yatatuama. Ikiwa vumbi, umechelewa. Rudisha maji kwanza. Ikishikana, kisha ikamegeka kwa kidole gumba, lima.

Tumia jembe uma, kina cha sentimita 10 hadi 15, mara moja tu kwa msimu. Pawatila, trekta dogo linaloongozwa kwa mikono, ndiyo tunayoiogopa zaidi: visu vyake husaga nyuzi kuwa punje laini, ambazo jua huzikausha na upepo huzibeba. Usilime kina kirefu pia. Tabaka la chini lenye harufu ya mayai viza likipata hewa hutoa asidi kali inayounguza mizizi.

Baada ya mavuno, dondoshea tone la maji kwenye bonge kavu. Likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kunywewa, mboji imeanza kuyakataa maji, na mvua ya kwanza itaisomba. Usiiguse kwa jembe. Ifunike kwa majani makavu na uiloweshe polepole.

Kila mwaka, msimu uleule, jaza kopo la mililita 400 kwa bonge lisilovurugwa, likaushe kwenye tanuri hadi uzito usipungue, upime. Gramu 40 ni mboji nyepesi, bado nzima. Gramu 120 ni mboji iliyogandamizwa au kuoza sana: msimu huo panda bila kulima.

Mabua yasichomwe shambani kamwe. Moto huzama ndani ya mboji kavu na kuila chinichini kwa wiki kadhaa, na maji ya ndoo hayaufikii.